Kitufe Kisichoitika

Aplikesheni ya kwanza ya mtu anayejifunza mara chache hufa kwa sababu ya hesabu. Nimekaa na wanafunzi wengi wa mwanzo hapa Dar es Salaam, wengi wao wakija jioni baada ya kazi, na karibu wote walijikwaa mahali pamoja: pale ambapo skrini waliyoichora inatakiwa kushikana na msimbo waliouandika. Kitufe kinaonekana, kina rangi nzuri, kimeandikwa "Hifadhi". Msimbo wa kuhifadhi nao upo kwenye faili lake, umeandikwa vizuri tu. Ila hivyo viwili havijuani. Simu inatoa ujumbe kwamba programu imesimama, kisha inamrudisha mtu kwenye ukurasa wa mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wapo waliofunga kompyuta zao jioni hiyo na hawakurudi tena. Hao ndio walionifanya niandike haya. Kosa lenyewe mara nyingi linaisha kwa kubadilisha neno moja, lakini nimewaona watu wenye akili kali wakiamini, kwa sababu ya neno hilo moja, kwamba kazi hii ina wenyewe na wao si miongoni mwao.

Ni lazima nieleze mtu huwa ameshapita wapi kabla ya kufika kwenye kitufe hicho. Tulikuwa na chumba cha kukodi Sinza. Laptopu nyingi zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika, zenye RAM ya GB 4. Kwa mashine ya namna hiyo Android Studio, programu tunayotumia kuandika aplikesheni, yenyewe ni mzigo. Ukiongeza juu yake ile simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta, kompyuta inaganda na feni inaanza kulia. Tukawa tunatumia simu zetu halisi. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta maelezo ya simu, unagonga namba ya toleo mara 7 mpaka simu ikutangazie kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Unaruhusu ukaguzi kwa njia ya USB, unachomeka waya, unasubiri jina la simu yako litokee juu ya dirisha. Mara nyingi halitokei. Waya nyingi za mtaani zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji tu, ndani hazina nyuzi za kupitisha data. Simu inaonyesha alama ya chaji na mwenyewe anaamini kila kitu kimeungana, kumbe kompyuta haioni chochote. Tangu nilipolijua hilo, kila kundi jipya naanza nalo kwa kukagua waya.

Halafu kuna bando. Siku ya kwanza mradi unapofunguliwa, Gradle, chombo kinachoujenga mradi, hupakua maktaba zake zote kutoka mtandaoni, na mtu anaweza kumaliza bando aliloliwekea akiba kabla hajaandika mstari hata mmoja. Kwa hiyo anayefika kwenye kosa la kitufe hafiki akiwa mbichi. Amefika amechoka, ametumia fedha, na nyumbani ameshaaga kwamba leo atarudi na kitu cha kuonyesha.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe. Mradi mdogo wa Android, kwa mtindo ambao wengi wetu tulifundishwa nao, una mafaili mawili yanayofanya kazi pamoja. Moja ni la mwonekano, activity_main.xml, ambamo umepanga maandishi, visanduku vya kujazia na vitufe. Jingine ni la matendo, MainActivity, la Java au Kotlin. Kila kitu kwenye faili la mwonekano unaweza kukipa kitambulisho, mathalani btnHifadhi. Unapojenga mradi, zana za Android hukusanya vitambulisho vyote vya mradi mzima na kuviorodhesha kwenye klasi moja iitwayo R, kila kimoja kikipewa namba yake. Programu inapoanza, amri ya setContentView inataja faili lipi la mwonekano lisomwe, na skrini inajengwa kutokana nalo. Kisha amri ya findViewById inaipitia skrini hiyo kitu kwa kitu, ikitafuta chenye namba uliyoitaja.

Ikikipata inakukabidhi. Isipokipata hailalamiki, haisimami, haionyi. Inakurudishia null, yaani utupu, na programu inaendelea na safari mpaka mstari unaofuata ujaribu kuutumia ule utupu kama kitufe. Hapo ndipo inapoanguka.

Wanafunzi wangu walilielewa hili nilipowaambia wafikirie shule. R ni daftari la shule nzima. Skrini ni darasa moja. Unasimama mbele ya Kidato cha Pili A unaita jina ambalo kweli limo kwenye daftari, mwanafunzi kweli ni wa shule hiyo, ila amekaa Kidato cha Pili B. Hakuna atakayeitika. Na kompaila, inayokagua msimbo wako kabla haujaendeshwa, inaangalia daftari tu. Ikiona jina lipo, inakuruhusu upite. Ndiyo maana mwanafunzi anakuja na kauli ambayo nimeisikia kwa kila sauti: "Lakini mwalimu, haijaonyesha kosa lolote!" Anasema kweli.

Utupu huu una historia. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, ndiye aliyeuingiza kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, kwa sababu kuutekeleza kulikuwa rahisi. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa wanaprogramu jijini London, aliliita jambo hilo kosa lake la dola bilioni moja. Huwa napenda kuwasimulia wanaoanza habari hiyo, hasa aliyekata tamaa. Mtu aliyetunukiwa tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani hii, alisimama hadharani kuzungumzia kitu kilekile kilichomtoa machozi mwanafunzi wa Sinza.

Namkumbuka dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa Tabata. Alikuwa katibu wa kikoba chao, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na alichoka na madaftari: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, faini za kuchelewa, kila wiki kujumlisha upya na kila wiki mtu kulalamika kwamba hisa zake hazikuandikwa. Akaamua kuitengeneza mwenyewe aplikesheni ya kikoba. Alikuwa na skrini mbili tu, moja ya kusajili mwanachama na nyingine ya kuweka hisa. Siku aliyoniita alikuwa ameshaufuta mradi wote na kuuandika upya, na umeanguka palepale.

"Mwalimu, imekufa tena."

"Imesemaje?"

"Haijasema kitu. Imefunga tu."

Ilikuwa imesema, tena kwa kirefu. Chini ya dirisha la Android Studio kuna sehemu iitwayo Logcat, na humo mlikuwa mmejaa mistari myekundu iliyojipanga kama haitaisha. Wanafunzi wengi hupiga picha mistari miwili ya juu wakanitumia WhatsApp: FATAL EXCEPTION: main, na chini yake maelezo kwamba activity fulani imeshindwa kuanza. Mistari hiyo inakuambia nyumba inaungua, haikuambii moto ulianzia chumba gani. Habari yenyewe iko chini zaidi, kwenye mstari unaoanza na maneno "Caused by", na ikiwa maneno hayo yametokea zaidi ya mara moja, wa kusoma ni ule wa mwisho.

Nilimwomba dada ausome mstari huo kwa sauti, polepole. Alikuwa amezoea kusoma miandiko ya madaktari bila kukisia, na alisoma vizuri kuliko vijana wengi waliomaliza chuo: NullPointerException, jaribio la kuita setOnClickListener ya Button, juu ya "null object reference". Nikamwambia ashike mambo matatu humo. Kitendo kilichokuwa kinafanywa: kukipa kitufe kitu cha kusikiliza kinapobonyezwa. Kitu kilichotarajiwa: Button. Kilichokutwa: null. Kisha ashuke mistari michache mpaka akutane na jina la faili lake mwenyewe, lenye rangi ya bluu na namba ya mstari pembeni. Mistari mingine yote ni ya mfumo wa Android, haimhusu kwa leo. Akabonyeza jina hilo la bluu, na kishale kikamsimamisha kwenye mstari wake.

"Kwa hiyo kitufe ndicho null?"

"Ndicho, dada."

"Hakiwezi kuwa null. Kipo, hiki hapa nakiona." Akafungua faili la mwonekano akanionyesha kwa kidole.

"Hicho unachonionyesha kimo kwenye faili gani?"

Akaangalia juu. "activity_hisa."

"Na huku kwenye msimbo, setContentView inataja lipi?"

Hakunijibu. Alirudi kwenye msimbo, akausoma, akarudi kwenye mwonekano, akausoma. Skrini ya usajili kitufe chake kiliitwa btnSajili. Msimbo wa usajili alikuwa ameunakili kutoka ule wa hisa, na jina btnHifadhi likaja nalo. Akafuta neno, akaandika lingine, akaendesha. Skrini ikafunguka, akaandika jina la mwanachama wa kwanza, ambalo lilikuwa la mama yake, akabonyeza, likaingia.

Jioni ile ilibadilisha namna yangu ya kufundisha. Kuufuta mradi na kuuandika upya kusingemsaidia dada yule hata angerudia mwezi mzima, kwa sababu kosa halikuwa kwenye mkono. Alikuwa akiamini kwamba kitufe kikionekana kwenye faili moja kinajulikana kote. Angeandika upya akiwa na imani ileile, na ingeanguka palepale. Tangu hapo, mtu akiniita nauliza kwanza maswali yale mawili niliyomuuliza yeye, kitu hicho kimo kwenye faili gani na skrini iliyowekwa ni ipi, kisha naongeza la tatu: msimbo unakiita wakati gani.

Hilo la wakati lina wahanga wake. Wapo wanaoandika findViewById juu kabisa ya klasi, pale wanapotangaza vigezo, kwa sababu panaonekana pasafi. Wakati huo skrini haijajengwa, hakuna cha kutafuta ndani yake. Wapo wanaoiandika mahali sahihi lakini mstari mmoja juu ya setContentView. Hapo majina yote ni sahihi, mafaili yote ni sahihi, na bado programu inaanguka. Dawa yake ni kuushusha mstari.

Kuna pia ile njia ya kuandika android:onClick kwenye faili la mwonekano na kutaja jina la kitendo, mathalani hifadhi. Njia hii huwadanganya watu kwa namna yake. Programu inafunguka bila shida, mwenyewe anashangilia, na kuanguka kunakuja pale anapobonyeza. Logcat itasema haikukiona kitendo chenye jina hilo kinachopokea View. Ukienda kuangalia utakuta kitendo kimeandikwa private, au mabano yake hayana View ndani, au jina limeanza na herufi kubwa huku kwenye mwonekano limeanza na ndogo. Ni dakika mbili za kazi kwa anayejua pa kuangalia.

Tena nataja kunakili, maana ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya haya. Mtu anakwama, anatafuta mtandaoni, anapata msimbo wa mtu mwingine unaofanya kazi, anaubandika. Msimbo huo umekuja na majina ya skrini ya yule aliyeuandika: button1, textView2. Majina hayo yanageuka mekundu, Android Studio inapendekeza msaada, mtu anabonyeza Alt na Enter, na pengine inaletwa android.R, ambayo ni R ya mfumo wenyewe wa Android, badala ya ile ya mradi wake. Kuanzia hapo hata vitambulisho vyake halali vinakataliwa, naye anaanza kurekebisha mahali pasipo na ubaya wowote.

Kisa kilichonifundisha zaidi kilimpata kijana mmoja wa Mbagala. Aliandika aplikesheni ya kurekodi mauzo kwa ajili ya duka la mjomba wake. Aliijaribu wiki nzima kwenye simu yake, haikuanguka hata kidogo. Akaiweka kwenye simu ya mjomba, na siku hiyohiyo mjomba akalalamika kwamba inajifunga. Kijana akaja darasani akiwa na jibu tayari: simu ya mjomba ni ya bei rahisi, imechoka. Mjomba naye alishaanza kuulizia simu nyingine Kariakoo.

Nikamuuliza mjomba anaishikaje simu. Akafikiri. "Anailaza. Anasema maandishi yanakuwa makubwa."

"Ilaze na yako."

Kwenye simu yake alikuwa amezima kujizungusha kwa skrini. Akaiwasha, akailaza, na aplikesheni ikaanguka mbele yetu. Kwa kawaida simu ya Android ikizungushwa, skrini iliyokuwepo inabomolewa na kujengwa upya. Na kama kwenye mradi kuna folda iitwayo layout-land, mwonekano wa kulala unachukuliwa kutoka humo. Kijana alikuwa ameitengeneza folda hiyo mwanzoni kabisa, akifuata somo la video, kisha akaisahau. Tangu wakati ule alikuwa ameongeza sehemu ya kuonyesha jumla ya mauzo, txtJumla, kwenye mwonekano wa kusimama peke yake. Simu ikisimama jumla ipo; ikilala haipo, na msimbo unaidai vilevile. Android Studio ilikuwa imemwekea alama ya onyo ya njano kuhusu jambo hilo. Hakuisoma, kwa sababu njano haizuii programu kuendeshwa.

Mjomba hakununua simu nyingine. Ila mimi nilibaki nikifikiria ni mara ngapi tunaisingizia simu ya mtu, au mtu mwenyewe kwamba hajui kutumia, wakati tatizo liko kwenye folda tuliyoisahau. Mtumiaji hana wajibu wa kuishika simu kama sisi tunavyoishika. Nawasihi wanafunzi kabla ya kumkabidhi mtu kazi yao wailaze simu, waisimamishe, wapokee simu katikati ya kuandika, watoke na kurudi.

Msomaji asidhani haya ni ya Android tu. Kijana mwingine alitumiwa na dada yake anayefanya kazi Muscat MacBook iliyokwisha kutumika, akaanza kujifunza kutengeneza aplikesheni za iPhone. Huko kuunganisha kunafanyika kwa mkono: unashikilia kitufe cha Control, unavuta mstari kutoka kwenye kitu ulichokichora mpaka kwenye msimbo, na pembeni mwa msimbo kinatokea kiduara kidogo. Kikijaa, kitu kimeunganishwa. Kikiwa na tundu katikati, bado. Kijana aliunganisha maandishi yake kwa jina label1, baadaye akaona jina hilo halina maana akalifuta na kuandika jumlaLabel. Programu ikawa inaanguka ikifunguka tu, na Xcode, programu ya Apple ya kuandikia aplikesheni, ikimwonyesha faili la AppDelegate ambalo hajawahi kuligusa. Alihangaika na AppDelegate siku nzima.

Ujumbe ulikuwa mrefu na wa kutisha, ukisema klasi yake "is not key value coding-compliant for the key label1". Neno la kushika humo ni la mwisho. Lile faili la mchoro, storyboard, lilikuwa bado linakumbuka jina la zamani na linalitafuta kwenye msimbo. Unabonyeza kulia kwenye skrini husika ndani ya mchoro, orodha ya miunganisho inafunguka, ule uliokufa una alama ya pembetatu ya njano, unaufuta, unavuta mstari upya.

Chombo hicho cha kuvuta mistari, Interface Builder, kilibuniwa na Mfaransa Jean-Marie Hullot katika miaka ya 1980, na mwaka 1988 kilikuwa sehemu ya NeXTSTEP, mfumo wa kampuni ya NeXT aliyoianzisha Steve Jobs alipotoka Apple. Apple ilipoinunua NeXT ilirithi vyote, ndiyo maana hadi leo majina ya makosa kama NSException yanaanza na herufi NS, za NeXTSTEP. Yaani muungano huu wa mchoro na msimbo, pamoja na namna unavyokatika, una umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu karibu wote. Hawakuwa wa kwanza kukwama hapo.

Na watengenezaji wa zana wamelihangaikia kwa muda mrefu. Kwa upande wa Android, Jake Wharton alitoa maktaba ya ButterKnife iliyopunguza kuandika findViewById kwa mkono. Februari 2020, pamoja na Android Studio 3.6, ikaja View Binding, ambayo kila faili la mwonekano hulitengenezea klasi yake lenyewe. Kwa njia hiyo kosa la dada wa Tabata lisingefika kwenye simu: angeita btnHifadhi kwenye skrini ya usajili, kompaila ingemkatalia palepale. Mwaka 2019 Apple ikatangaza SwiftUI, na Julai 2021 Google ikatoa Jetpack Compose 1.0, ambamo skrini yenyewe inaandikwa kwa msimbo na hakuna tena mafaili mawili ya kuunganisha.

Ninavyoona mimi, anayeanza leo apewe zana hizi mpya tangu siku ya kwanza. Hakuna sifa yoyote katika kumpitisha mtu kwenye mateso kwa sababu sisi tuliyapitia. Lakini asiambiwe kwamba tatizo limekwisha. Kwenye Compose, ukihifadhi jumla kwenye kigezo cha kawaida badala ya kile ambacho Compose inakifuatilia, mtumiaji atabonyeza, namba itabadilika ndani ya kumbukumbu, na skrini haitasogea. Safari hii hakuna hata mstari mwekundu wa kukuelekeza. Na ofisini atakakoajiriwa atakuta miradi ya zamani imejaa findViewById, inayolipa mishahara ya watu, na hakuna mwenye nia ya kuiandika upya.

Ndiyo maana siku hizi nina zoezi ambalo naliamini kuliko somo lolote. Mwanafunzi akishapata aplikesheni yake ndogo ikafanya kazi, namtaka aivunje kwa makusudi. Abadilishe kitambulisho kimoja kwenye mwonekano. Aiweke findViewById juu ya setContentView. Akifanye kitendo cha onClick kuwa private. Kila akivunja, aendeshe, aache ianguke, asome Logcat, kisha aniambie kwa Kiswahili chake mwenyewe imesema nini. Siku ujumbe uleule utakapomjia bila kuuita, usiku, bando likikaribia kuisha, atakuwa ameshauona uso wake.

Nimezungumza kuhusu kusoma kwa sauti, na kuna jambo nataka kulisema bila kuzunguka. Watu husema vijana wetu wanashindwa kwa sababu ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza. Kwa uzoefu wangu, aliyefika Kidato cha Nne anaweza kuusoma mstari wa "Caused by" na kuuelewa akipewa muda na utulivu. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ule wekundu umeandikwa kwa ajili yake. Akiuona anashtuka, anaufunga, anakwenda kutafuta jibu kwingine. Na sisi tunaojua tunamwongezea woga huo tunapofika, tukamsogeza pembeni, tukashika kibodi, tukagonga vitufe kwa kasi na kusema "haya, imekaa sawa". Imekaa sawa, naye hajui ilikuwa na nini. Walimu wenzangu, kaka na dada mnaowasaidia wadogo zenu: mikono yenu muiweke mbali na kibodi. Ulizeni, subirini, mwacheni abonyeze mwenyewe lile jina la bluu.

Na wewe uliyekwama jana ukakwamuka leo, usiliache jibu lako likaishia kwenye simu yako. Liandike kwa Kiswahili: ulikuwa unafanya nini, nini kilitokea, ulikuta nini, ulirekebishaje. Ule ujumbe wa kosa peke yake uunukuu kama ulivyo, herufi kwa herufi, usiutafsiri, kwa sababu mwenzako atakayekwama kesho Kigoma au Mombasa ataunakili ujumbe huo na kuutafuta mtandaoni. Akiutafuta, akutane na maelezo yako.